Mlio wa Asubuhi Chini ya Boneti

Katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumzia tairi, betri na maji ya rejeta. Mara hii tunaingia ndani zaidi, mahali ambapo hata wenye magari wengi hawajapata kupaona kwa macho: upande wa mbele wa injini, nyuma ya kifuniko kizito, ambako hukaa cheni ya taimingi.

Tumelichagua jambo hili kwa sababu ni hapa ambapo akina mama huambiwa gereji maneno mawili yanayopingana. Fundi wa kwanza husema, "Mama, gari lako ni la cheni, na cheni haifi, endesha tu." Wa pili husema, "Mama, cheni imelegea, tufungue injini leo hii." Na fedha ya kufungulia injini mara nyingi ndiyo ile ile iliyowekwa kwa ajili ya ada ya watoto. Ukimsikiliza wa kwanza bure, injini yaweza kuharibika kabisa ukiwa njiani. Ukimsikiliza wa pili bure, ada imekwenda na gari halikuwa na ugonjwa ule. Kwa hiyo ni vema mama mwenyewe ajue kinachozungumzwa.

Wengi wetu tuna cherehani nyumbani, au tumekua tukimtazama mama akishona. Sindano ikishuka na uzi, huko chini kuna ncha ndogo inayozunguka na kuudaka uzi ule kwa wakati wake barabara. Zikipishana kidogo, mshono unaruka. Zikipishana zaidi, sindano hugonga chuma na kukatika. Injini ya gari nayo hufanya kazi kwa mapatano ya namna hiyo.

Chini ya injini kuna chuma kizito kinachozungushwa na pistoni zinapopanda na kushuka. Hicho ni krenki shafti. Juu kuna kemshafti, yenye vinundu vinavyobonyeza valvu. Valvu ni milango midogo: mmoja huingiza hewa na petroli, mwingine hutoa moshi. Kila krenki inapozunguka mara mbili, kemshafti lazima izunguke mara moja, si zaidi wala si pungufu. Ndiyo maana gia ya juu ina meno mara mbili ya ile ya chini, na kinachoziunganisha ni cheni hii tunayoizungumzia. Gari likiwa barabarani na krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kemshafti huzunguka mara 1,500, na kila valvu hufunguka na kufunga mara 25 katika sekunde moja. Wakati huo pistoni nazo zinapanda hadi karibu sana na zilipo valvu. Katika injini nyingi za siku hizi nafasi iliyopo ni ndogo, hata mmoja akichelewa wanagongana, na valvu ikigongwa na pistoni hupinda.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kwamba gari lenu lina cheni kweli. Toyota Vitz, IST na Probox nyingi zinazotembea katika miji yetu zina injini ya 1NZ-FE, nayo ni ya cheni. Zile Vitz ndogo za lita moja ni za cheni pia. Lakini Corolla 110 yenye injini ya 5A-FE, Noah na RAV4 za zamani zenye 3S-FE, Hiace za dizeli za 3L na 5L, na Land Cruiser yenye 1HZ, zote hizo zina belti ya mpira. Jina la injini utalikuta kwenye kibati kilicho ndani ya boneti. Belti ina sheria yake: hubadilishwa kwa kuhesabu kilometa, kwa kawaida zikifika 100,000 hivi au kama kitabu cha gari kinavyosema, hata kama haijalia. Belti haina adabu ya kupiga hodi. Huenda leo ikawa nzima na kesho ikakatika. Wenye Toyota za dizeli huenda wameona taa iliyoandikwa T-BELT ikiwaka mbele yao. Hiyo ndiyo inayohesabu kwa niaba yao, na haifai kuzimwa tu bila belti kubadilishwa.

Cheni ni tofauti. Kwa kawaida haikupangiwa kilometa za kubadilishwa. Ikitunzwa hupita 200,000 bila neno, na nyingine hupita 300,000. Kwa hiyo fundi anayekwambia ubadilishe cheni kwa sababu tu gari limefika kilometa fulani, mwombe akuonyeshe dalili. Isitoshe, sisi tulionunua magari yaliyokwisha kutumika ng'ambo hatuna hakika sana na namba iliyopo kwenye dashibodi.

Lakini kusema cheni haifi ni kudanganya. Mnajua mnyororo wa baiskeli unavyorefuka. Chuma chenyewe hakivutiki kama mpira. Kinacholika ni vile vipini vidogo vinavyounganisha pingili, kila kimoja kidogo sana, na jumla yake ikawa mnyororo mrefu kuliko meno ya gia. Cheni ya injini ina pingili nyingi, na kila kipini kinaishi kwa oili. Oili ikiwa safi hukaa katikati ya chuma na chuma. Oili iliyochakaa hubeba masizi na unga wa chuma, ikawa kama msasa. Hapo cheni hulika upesi.

Tena kuna kikaza cheni, ambacho mafundi hukiita tenshona. Ni pistoni ndogo inayosukumwa na presha ya oili ya injini yenyewe ili kubana cheni isilegee. Oili huifikia kwa kitundu chembamba. Oili isipobadilishwa kwa muda mrefu huganda kuwa tope jeusi, na tope likiziba kitundu kile, cheni nzima inabaki haina wa kuishika. Hupigapiga kwenye reli zake za plastiki mpaka zikavunjika, na vipande huangukia kwenye sampu. Siku moja ikiwa imelegea hivyo, huruka jino. Utaona basi kwamba habari ya cheni kwa sehemu kubwa ni habari ya oili, na oili ni kitu ambacho mama anaweza kukisimamia bila kushika spana.

Hapa tuseme wazi, maana kuna desturi moja nyumbani mwetu ambayo imeua injini nyingi. Ni ile ya kuongeza oili bila kuimwaga. Kijiti kikionyesha imepungua, baba hununua chupa moja akaongeza, na mwezi unaofuata akaongeza tena, na kwa mawazo yake gari lina oili mpya. Hapana. Ni sawa na kuongeza maji safi katika beseni la maji yaliyokwisha kufulia. Kwa barabara zetu za vumbi, safari fupi za shule na soko, na foleni za mjini ambako injini inazunguka gari likiwa limesimama, tunashauri oili imwagwe yote kila kilometa 5,000, pamoja na filta yake. Injini ya 1NZ-FE hubeba lita 3.7 tu ikibadilishwa na filta, kwa hiyo gharama yake haikaribii hata kidogo bei ya kufungua injini. Tumia oili ya kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Iliyo nyepesi kama 5W-30 hufika juu haraka asubuhi injini ikiwa baridi, na ndiyo wengi wa watengenezaji wa Japani waliyoipangia injini hizi. Oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji kando ya barabara, hata iwe rahisi namna gani, iache.

Weka daftari dogo ndani ya gari, kama tunavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto. Andika tarehe, kilometa, aina ya oili, na kama filta ilibadilishwa. Mumeo huenda akacheka mwanzoni. Siku gari litakapolia, daftari lile litasema mengi kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Sasa mlio wenyewe. Usikilize asubuhi, gari likiwa limelala usiku kucha, na boneti iwe wazi huku mtu mwingine akiwasha. Cheni iliyolegea hutoa sauti ya kuchakarisha, kama kopo lenye sarafu linalotikiswa, upande wa mbele wa injini zilipo feni belti. Feni belti yenyewe haichakarishi, hupiga kelele nyembamba kama panya, tena hulia zaidi ikiwa imelowa. Valvu zilizolegea hugonga tiki-tiki juu, sawasawa na mwendo wa injini. Kuna pia gia ya VVT-i juu ya kemshafti, ambayo ikichakaa hutoa mkoromo mfupi wakati wa kuwasha tu, na mafundi wengi huupa jina la cheni. Fundi mwangalifu hutumia kijiti kirefu au mpira wa kusikilizia, akakisogeza huku na huku kabla ya kutamka jina la ugonjwa.

Ikiwa mlio ni wa sekunde moja au mbili, kisha unakwisha na haurudi tena kutwa nzima, usiharakishe kufungua injini. Yawezekana kikaza kinasubiri tu oili ipande. Filta ya bei ya chini isiyo na mpira mzuri wa kuzuia oili isirudi chini usiku huweza kuleta mlio huo huo. Mwaga oili, weka iliyo sahihi na filta nzuri, kisha sikiliza kwa wiki mbili. Kama ndani ya kifuniko cha oili mnaona tope jeusi, msikubali injini isafishwe kwa dizeli, jinsi wengine wanavyofanya. Dizeli hubandua tope lote kwa mara moja, likaenda kuziba chujio la oili huko chini, na injini ikakosa oili kabisa. Ni afadhali kubadilisha oili, kutembea kilometa 1,000, na kubadilisha tena. Tope hutoka polepole.

Ikiwa mlio unaendelea hata injini ikiwa na moto, au unarudi gari likisimama kwenye taa, au gari limekosa nguvu na hula petroli kuliko zamani, hapo usingoje. Na ikiwa taa ya injini imewaka, fundi akapima kwa mashine na kupata namba P0016, maana yake kompyuta ya gari imeona krenki na kemshafti hazipatani. Namba hiyo peke yake haithibitishi kwamba cheni imeruka, maana sensa mbovu au waya uliokatika huweza kuleta jambo hilo hilo. Lakini ni sababu ya kutosha ya kuacha kuliendesha mpaka pajulikane. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka, zima injini hapo hapo ulipo, hata kama umebakiza nyumba tatu kufika kwako.

Tufike basi pale ambapo injini lazima ifunguliwe. Kazi hii si ya saa moja. Katika 1NZ-FE fundi hung'oa tapeti kava, humwaga oili na maji, huegemeza injini kwa jeki na kipande cha ubao ili aondoe maunti ya upande wa kulia, hutoa puli ya krenki, kisha hufungua kifuniko kikubwa cha mbele. Anayesema ameifanya wakati wewe ulikwenda sokoni na kurudi, hakuifanya. Gari zote hazilingani pia. BMW za dizeli zenye injini ya N47, iliyotoka mwaka 2007, cheni yake ipo nyuma upande wa gia boksi, na kuifikia ni kazi kubwa mno. Kwa hiyo usimlaumu fundi kwa kutaja bei tofauti na aliyotajiwa jirani mwenye gari jingine.

Kabla ya kutoa cheni ya zamani, krenki huzungushwa kwa mkono mpaka pistoni ya kwanza imefika juu kabisa. Gia zina alama zilizochongwa na kiwandani, nukta au mstari, na cheni mpya ina pingili chache zenye rangi. Kupanga taimingi ni kuweka kila pingili ya rangi juu ya alama yake, chini kwenye krenki na juu kwenye kemshafti, bila ulegevu katika upande usio na kikaza. Kosa la jino moja si dogo. Tuchukue gia ya juu yenye meno 36: jino moja ni nyuzi 10 za kemshafti, na kwa krenki ni nyuzi 20. Injini inaweza kuwaka ikiwa hivyo, ikatetemeka na kukosa nguvu, na mama akaambiwa ni plagi.

Baada ya kufunga kikaza na kukiachia kibane, fundi anapaswa kuizungusha krenki kwa mkono na spana mizunguko miwili kamili, kuelekea upande ambao injini huzunguka. Ikikwama popote, asimame na asilazimishe. Ikizunguka vema, aangalie alama za gia kama zimerudi mahali pake.

Na hapa pana jambo ambalo tungependa kila mama alishike, maana limewagharimu watu fedha. Baada ya mizunguko ile miwili, alama za gia hurudi, lakini pingili za rangi hazirudi. Idadi ya pingili za cheni na idadi ya meno hazigawanyiki sawasawa, kwa hiyo rangi zile huenda zinahama kila mzunguko, na huchukua mizunguko mingi sana kukutana tena na alama. Rangi ni za kufungia tu. Sasa wapo mafundi ambao hufungua injini iliyotembea, wakakuta pingili za rangi ziko mbali na alama, wakatangaza, "Cheni imeruka, mama, njoo ujionee." Unaonyeshwa, na kweli rangi haziko. Lakini katika injini nzima iliyotembea ni kawaida kabisa zisiwepo. Mwombe kwa upole akuonyeshe alama za gia pistoni ya kwanza ikiwa juu. Hizo ndizo shahidi. Kama zimekaa sawa, cheni haijaruka, hata kama imelegea.

Kulegea nako kunapimwa. Cheni huvutwa kwa nguvu iliyoelezwa katika kitabu cha injini, urefu wa pingili kadhaa ukapimwa na kulinganishwa na kikomo chake. Wewe huna haja ya kipimo hicho. Mwambie fundi asitupe chochote: alaze ya zamani na mpya juu ya meza, zianze pamoja upande mmoja, na utaona mwisho wake. Angalia reli za plastiki kama zina mifereji mirefu, na meno ya gia kama yamechongoka. Ikibidi kubadilisha, badilisha kwa pamoja cheni, kikaza, reli zote na oili sili ya mbele. Gia zilizolika zibadilishwe pia, kwani gia mbovu hula cheni mpya kama ilivyokula ya kwanza. Kubana matumizi kwa kununua cheni tupu ni kulipia ufundi mara mbili, na katika kazi hii ufundi ndio wenye bei.

Kifuniko cha mbele kinaporudishwa, nyuso zote zifutwe silikoni ya zamani mpaka chuma kionekane, kisha mpya ipakwe mstari mwembamba. Wanaopaka kwa wingi hawajui kwamba ile inayozidi hubanwa kuingia ndani, ikakatika na kwenda kuziba njia za oili. Oili mpya na filta mpya ziwekwe kabla ya kuwasha.

Ikitokea cheni imeruka au kukatika ukiwa barabarani, injini huzima ghafla, na ukiwasha, stata huzunguka kwa wepesi usio wa kawaida. Usiendelee kujaribu, wala usikubali wasamaria wausukume mtambo ule ukiwa kwenye gia. Kila mzunguko unaweza kupinda valvu nyingine. Livutwe mpaka gereji likiwa huru, na kama ni la gia za otomatiki, ni heri lipandishwe juu ya gari jingine. Huko fundi apime kwanza kama silinda zinashika presha kabla ya kununua kitu chochote. Kama zote nne zinashika, huenda cheni na kikaza vikatosha. Kama zimeachia, kichwa cha injini lazima kifunguliwe, na hapo ndipo mnapokaa baba na mama kulinganisha bei ya kukarabati na ya injini ya mtumba. Mkichagua ya mtumba, ombeni tapeti kava ifunguliwe mbele yenu kabla ya kulipa. Chuma chenye rangi ya kahawia nyepesi kilipata oili yake. Chenye tope jeusi kimetoka kwa mtu aliyekuwa akiongeza tu.